Usiufute Ujumbe Ule

Nyamvula ni mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, huko Mtongwe, Mombasa. Kila alasiri huwasha jiko kando ya barabara na kukaanga samaki, na bintiye Dhahabu humsaidia akitoka shule. Mwanawe mkubwa, Ruwa, alimaliza kidato cha nne akakosa kazi. Alishinda ndani, macho kwenye simu.

Siku moja Nyamvula aliishika simu ile, akakuta ujumbe wa mtu asiyemjua. Mtu huyo alimsifu Ruwa kuwa ni simba, akamwahidi viatu vipya na ndugu wasiomtupa mwenzao. Palikuwa na video ya vijana wenye mapanga, wanacheka. Akaufuta ujumbe, asimwambie mtu. Aliona aibu, na polisi aliwaogopa. Akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Ujumbe ulirudi kwa nambari nyingine. Ruwa akakamatwa pamoja na wenzake walipovamia duka moja Likoni. Mwenye duka alikatwa mkono. Ruwa yuko rumande mpaka leo, na mamake hali chakula kikashuka.

Jirani yake Mwanasaumu, mjumbe wa usalama wa mtaa wa Nyumba Kumi, alikuja kumpa pole. Alimweleza mambo ambayo maafisa wa serikali waliwafundisha kwenye baraza la chifu. Magenge siku hizi humwingia kijana kwa simu. Kwanza humsifu. Kisha humpa zawadi. Halafu humtuma jambo dogo la uhalifu na kumpiga picha akilifanya. Akitaka kutoka, humtisha kwa picha hizo.

"Ukifuta, Mama Ruwa, umewafutia nyayo zao," alisema. "Usijibu, wala usifute. Peleka simu kituoni. Wapelelezi huifuata ile nambari."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Baraza tulilitangaza. Watu hawakuja."

Siku ya baraza Nyamvula alikuwa kwenye jiko lake, na tangazo alikuwa amelisikia.

Wiki chache baadaye, Dhahabu alifika jikoni na simu mkononi. Wale wa genge walikuwa wamemwandikia yeye sasa. Walimtaka awapelekee habari za nyumba za mtaani, la sivyo kaka yake ataumizwa huko ndani.

Kidole cha Nyamvula kilitaka kufuta. Alijizuia. Akazima jiko samaki wakiwa wabichi, akamwita Mwanasaumu, wakaenda kituoni wote watatu. Afisa wa kike alinakili ujumbe na nambari. Aliahidi kuwa jina la Dhahabu halitatajwa, na kwamba askari wa rumande wataarifiwa wamlinde Ruwa. Hakuahidi zaidi ya hayo.

Nambari ile iliwafikisha wapelelezi Kisauni, wakamkamata aliyekuwa akiandika. Ujumbe ukakoma. Dhahabu sasa analala usingizi, na kila baraza likiitwa, Nyamvula huwagongea wazazi wenzake milango.

Siku ya kesi ya Ruwa, mtu huyo aliyekamatwa Kisauni naye aliletwa mahakamani. Nyamvula alitarajia jitu lenye macho mekundu. Akaona kijana mwembamba, rika la Ruwa, shati limempwaya. Mama mmoja aliingia akihema, akamtazama kijana yule, akaegemea ukuta. Watu walimgeuzia kisogo. Nafasi ya kuketi haikuwapo.

Nyamvula alisogea kwenye benchi. Mama yule akaketi.

"Nawe wako yupi?" aliuliza polepole.

"Bado hajaletwa," Nyamvula alijibu. "Atakuja baada ya wako."