Blanketi la Februari

Kwetu Ganako watu wanaogopa baridi. Mwezi wa Julai ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unakaa shambani hadi saa nne asubuhi. Kila nyumba ina sweta, blanketi na kuni kavu. Joto hatukulihesabu kuwa jambo la hatari. Lilikuwa likija Februari, linakaa siku mbili tatu, mawingu yanarudi, tunasahau.

Februari ya mwaka 1989 joto halikuondoka.

Wakati huo nilikuwa na wiki tatu tangu kujifungua. Mtoto wangu wa kwanza, Josephati, alikuwa mdogo kama mkate. Nilikaa ndani, kama desturi yetu inavyotaka. Mama mkwe wangu, Eunike, alinitunza. Alinipikia uji, akanikanda kwa maji ya moto, na hakuacha moto wa kuni uzimike chumbani mwetu. Mtoto alimvisha sweta, kofia ya sufu na soksi. Halafu akamviringisha katika blanketi zito la kijivu.

Nyumba yetu ilikuwa mpya. Mume wangu, Bartolomeo, aliiezeka kwa mabati, akaacha dirisha moja dogo. Aliionea fahari sana. Nyumba ya zamani ya mama yake ilikuwa nyuma yetu. Ilichimbwa nusu ndani ya kilima, na paa lake lilikuwa la udongo. Majani yaliota juu yake. Sisi vijana tuliiita pango. Tuliweka humo majembe na magunia ya mahindi.

Siku ya sita ya joto, hakuna aliyeweza kutulia. Mabati yalialika juu yetu, ta, ta, ta. Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Bartolomeo alitoka kutazama upande wa kreta ya Ngorongoro, mawingu yanakotokea, akarudi.

"Hakuna hata wingu la kufunika kuku," alisema.

Akatoka tena.

"Mama," nilisema, "tumfungue mtoto kidogo. Ana jasho mgongoni."

"Jasho ni baridi inatoka."

"Baridi gani, Mama? Mimi mwenyewe naiva. Hata usiku hakupoi."

"Haya, mwalimu! Ndiyo mliyofundishwa kwenye kisomo cha jioni? A, E, I, O, U, mvueni mtoto nguo?"

Nilicheka kidogo. Moyo wangu haukucheka. Mama aliona, akapunguza sauti.

"Lusia, mwanangu. Kabla ya Bartolomeo nilikuwa na binti. Wiki tano tu. Ilikuwa Julai. Nilimwacha na shuka moja nikaenda kuchota maji. Alipata nimonia."

Alichukua pembe ya blanketi, akaichomeka vizuri chini ya kidevu cha Josephati. Ningewezaje kumtoa mtoto kwenye mikono ile?

Saa nane mchana Josephati alikataa ziwa. Nilijaribu upande wa pili, akageuza uso. Hakulia. Uso ulikuwa mwekundu, na shingoni palikuwa na vipele vidogo. Niligusa nepi. Ilikuwa kavu. Ilikuwa kavu tangu asubuhi.

"Bartolomeo!" niliita. "Kamlete Nesi Evarista. Mtoto hanyonyi."

Alipanda baiskeli bila kuvaa viatu.

Evarista alikuwa nesi wa zahanati, na nyumba yake iko ng'ambo ya korongo. Alifika amebeba mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Hodi humu! Jamani, mnaoka mikate?"

Hakuna aliyecheka. Akamshika mtoto, akaacha mzaha. Alimpima kwa kipimajoto, akakisoma karibu na dirisha.

"Digrii thelathini na nane na nusu. Homa ya mtoto mchanga haingojwi. Inaweza kuwa ugonjwa. Inaweza pia kuwa joto hili mlilomfungia. Zimeni moto. Mvueni nguo. Tumpeleke mahali penye ubaridi, na baada ya nusu saa nimpime tena. Kama homa haijashuka, tunakwenda hospitali leo hii. Baba Josephati, katafute gari sasa. Usingoje jibu."

Bartolomeo alikwisha toka.

"Mahali penye ubaridi ni wapi?" niliuliza. "Nje kunaunguza."

Mabati yakaalika. Mama alikuwa ameshika blanketi kifuani, kana kwamba ndilo mtoto.

"Kwangu," alisema polepole. "Kwenye lile pango lenu. Marehemu baba yenu alikuwa analala humo mchana, Februari kama hii."

Tulivuka ua mbio. Ndani palikuwa na ubaridi kama ndani ya mtungi. Mama alisogeza magunia, akatandika kanga, akaketi, akampakata mjukuu wake. Josephati alibaki na nepi tu. Mbavu zake zilipanda na kushuka.

"Nimpe maji kwa kijiko?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Maji anywe Lusia, vikombe viwili, sasa hivi. Maziwa yake ndiyo maji ya mtoto. Siku za joto anyonye mara nyingi zaidi."

Nilikunywa. Nikasimama, nikachungulia nje, nikarudi. Nusu saa ni ndefu.

"Nesi, joto hili limetoka wapi?" niliuliza. Nilitaka kusikia sauti ya mtu.

Evarista alitoa daftari mkobani. "Zahanati tuna friji ya chanjo. Asubuhi na jioni naandika joto la friji na joto la chumba. Mwaka wa kumi na mbili huu. Miaka ya mwanzo, joto kali lilikaa siku mbili, tatu. Leo ni siku ya sita. Na asubuhi hizi chumba hakipoi kama zamani."

"Kwa nini?"

"Daftari la chumba kimoja haliwezi kujibu. Joto kali lilikuwapo tangu zamani, na siwezi kusema la wiki hii limeletwa na nini. Lakini wataalamu wanapima dunia nzima, nimewasikia redioni. Wanasema hewa inayotoka makaa ya mawe na mafuta yakichomwa inapanda juu na kuzuia joto lisitoke. Misitu ikichomwa, hewa hiyo inaongezeka. Dunia ikipata joto zaidi, hata kidogo tu, siku kama hizi zitakuja mara nyingi, zitakuwa kali, zitakaa muda mrefu. Na usiku hautapoa. Mwili unapumzika usiku, mama. Usipopumzika, siku ya sita inauma kuliko ya kwanza."

Mama alitazama blanketi lililokuwa miguuni pake.

"Kwa hiyo dunia nayo imefunikwa blanketi."

"Ndiyo. Na kila mwaka linaongezwa unene."

"Nani anaongeza? Mimi nina mafiga matatu tu."

"Hasa nchi zenye viwanda vikubwa na magari mengi."

"Wao wafunike, jasho alitoe mjukuu wangu!" Mama alisema kwa hasira. Kisha akalivuta blanketi la miguuni pake, kwa sababu hilo lilikuwa lake.

Nusu saa ilitimia. Evarista alipima.

"Thelathini na saba na nusu. Inashuka. Mpe ziwa tena."

Josephati alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Akashika. Nilihisi anavuta kwa nguvu, nikaanza kulia. Alinyonya muda mrefu. Mama alimchukua amcheulishe, na mara akapiga kelele.

"Amenikojolea! Oneni, kanga yote! Amenikojolea!"

"Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naingoja," alisema Evarista, akakaa chini kwa mara ya kwanza. "Kesho asubuhi mleteni zahanati nimwone. Homa ikirudi, au akikataa kunyonya, msingoje kesho."

Nje trekta lilinguruma. Bartolomeo aliingia, vumbi hadi kwenye kope.

"Nimepata trekta! Twendeni!"

"Mpe dereva maji," alisema mama yake. "Mgonjwa amekojoa."

Wiki ile ile Bartolomeo alitoboa dirisha la pili, likitazamana na la kwanza, upepo upite. Alipanga mabua ya mahindi chini ya mabati. Moto tuliuhamishia nje, na upande wa magharibi tukapanda miche ya mgrevilea, itupe kivuli. Ingechukua miaka kukua, lakini Josephati naye angechukua miaka.

Mama alijifunza kwa Evarista kugusa shingo ya mtoto kwa nyuma. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Mwili ukiwa baridi, ongeza. Joto liliporudi Machi, siku tano mfululizo, wanawake wawili majirani walikuja na watoto wao kwenye nyumba ya udongo. Mama alisimama mlangoni kama askari.

"Kofia za sufu zibaki nje! Na nyie wazazi, kunyweni maji kwanza, salamu baadaye!"

Blanketi alilifua, akalikunja, akaliweka juu ya magunia.

"Usidhani nimelitupa," aliniambia. "Julai nitalitaka."

Julai ukungu ulishuka hadi kwenye mlango wetu. Mama alileta blanketi. Josephati alilikazia macho, akacheka. Kabla ya kumfunika, Mama aliweka vidole viwili nyuma ya shingo yake, akatulia, akasikiliza.