Jini Aliyesoma Barua za Watu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Adhuhuri, wateja walipokwenda kuswali, kompyuta ya steshenari moja mtaani Rasbura ilianza kunuka ubani uliochanganyika na nywele zilizoungua. Adija, mchapaji wa pale, akainama chini ya meza akitafuta waya ulioshika moto. Hapo akausikia mnong'ono.

"Barua ya Brigita. Majibu ya hospitali. Ana virusi."

Brigita aliichapisha barua hiyo asubuhi, akamsihi Adija isionwe na mtu. Alijiambia ni uchovu. Lakini jioni aliwakuta wanawake bombani wakiambiana maneno yale yale, bila kupunguza hata moja, na mmoja akasema ameyasikia yakitoka dirishani mwa duka.

Akaenda moja kwa moja kwa Yunusu, mwenye duka, aliyeingiza kwenye mashine ile programu ya kurekodi kila faili linalofunguliwa, ili awachunge wafanyakazi wake.

"Shikamoo, mzee Yunusu."

"Marahaba, Mama Idd."

"Ile programu ina mahali pa kuzuia mafaili ya siri yasifuatwe. Umepafunga kwa nywila. Nifungulie niyatoe ya wateja. Kuna kitu kimeingia mle, kinayasoma kwa sauti."

Yunusu akacheka puani. "Mwenye siri akaandikie kwake. Mashine ni yangu, nataka kila kitu."

Adija akaondoka ameuma meno.

Kesho yake adhuhuri ile sauti haikunong'ona tena. Ilipanda kutoka chini ya meza ikitangaza talaka ya huyu na ugumba wa yule, ikapita juu ya printa, ikamzunguka shingoni kama pumzi ya mtu mwenye homa, halafu ikasita, ikajisafisha koo, na kwa sauti ya Idd, mwanawe aliyemzika kabla ya masika, ambaye Adija alihifadhi rekodi ya kisomo chake cha Alhamdu kwenye mashine ile kwa kuwa simu yake ilikuwa imekufa, ikaita taratibu, "Mama."

Hasira ikamwinua.

Akamleta Maalimu Ibrahimu, mtu wa kutoa majini, kisha akamburuta Yunusu kutoka barazani kwake. Maalimu akasoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, kisha akauliza, "Nani kakuruhusu humu?"

"Mwenye mashine," sauti ikajibu. "Alisema kila kitu. Hakunionyesha chumba nisichoingia."

Maalimu akamgeukia Yunusu. "Huyu ni mgeni uliyemkaribisha. Kumfukuza siwezi. Aliyefungua ndiye afunge."

"Faili la Yunusu," sauti ikaendelea. "Picha za mke wa..."

Yunusu aliruka kwenye kibodi, akaandika nywila, akaizuia folda yake peke yake. Kisha akasimama akijifuta uso. "Basi. Yamekwisha."

Adija akamshika ukosi wa kanzu. "Ya kwako ndiyo yamekwisha. Sogea."

Akaketi. Akayazuia mafaili ya wateja moja baada ya jingine, na kila jina lilipotoka sauti ilikonda, mpaka ikabaki folda ya Idd.

"Mama," ilisema, ndogo, yenye kulia. "Unanifungia nje?"

"Wewe si mwanangu," Adija akasema. "Mwanangu alikuwa na adabu. Hakugusa cha mtu."

Akabonyeza. Kukawa kimya, na ile harufu ikakatika.

"Kesho uwahi kufungua," alisema Yunusu akitafuta viatu vyake. "Watu watasahau tu."

Adija alinakili kisomo cha mwanawe kwenye flashi, akakifuta kwenye mashine, akaweka funguo za duka juu ya meza na kutoka.

Brigita alikuwa amekaa kizingitini kwake, mlango umefungwa kwa ndani, nguo zake zimetupwa uani. Adija akachuchumaa mbele yake.

"Dada, barua yako nimeifungia. Hakuna atakayeisoma tena."



"Na waliokwisha kuisikia," Brigita akauliza, "utawafungia wapi?"