Mjane wa Mtu Aliye Hai

Fundi alikuwa akishona tangu asubuhi. Cherehani yake ilikaa mlangoni, penye mwanga. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu: kitanda, pazia, na jiko nyuma ya pazia. Siku hiyo alikuwa akitia vifungo kwenye sare za shule. Binti yake alikaa chini, akitunga uzi kwenye sindano na kuongea bila kupumua. Ndiyo maana majirani walimwita Chiriku.

"Mama, baba alikuwa mrefu?"

"Mrefu."

"Kama mlango?"

"Kama mlango. Lete sindano."

"Alikufa na nini?"

"Ugonjwa."

"Mbona juzi ulisema ajali?"

Fundi alijichoma kidole. "Ugonjwa ulioletwa na ajali. We mtoto, mdomo wako hauendi likizo?"

Ukweli ni kwamba baba yake Chiriku hakuwa amekufa. Alikuwa gerezani. Kazi yake ilikuwa udereva wa lori. Siku moja aliendesha akiwa amelewa, akamgonga mtu wa baiskeli, na mtu yule akafa palepale. Hakimu alimfunga, na alistahili kufungwa. Lakini adhabu haikuishia kwa Dereva. Mwenye nyumba alimfukuza Fundi. Ndugu wa mume walimpa kisogo. Wateja nao walipeleka nguo zao kwingine, utadhani cherehani ndiyo iliyolewa.

Fundi alikwenda kanisani kuomba msaada. Kulikuwa na chama cha akina mama kilichosaidia wajane na yatima. Kila Jumamosi waligawa unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Fundi aliwaeleza yote bila kuficha. Wakamjibu kwa upole: "Pole, dada. Lakini sisi tunahudumia wajane. Wewe mume unaye."

Mume ninaye! Fundi alirudi nyumbani mikono mitupu, akicheka peke yake njiani, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha.

Basi akahamia mtaa mwingine, mbali na wanaomjua. Huko nako kulikuwa na kanisa, na chama kama kile. Mwenyekiti wa chama alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mtu anayeuza sokoni. Alimwuliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Amekufa," alisema Fundi.

Neno moja tu, na unga ulifika siku hiyohiyo. Chiriku, aliyekuwa bado mdogo, akahesabiwa yatima. Alipoanza shule akapewa madaftari. Fundi akafunga kitambaa cheusi kichwani, akakaa benchi la mbele pamoja na wajane. Tangu hapo hakukanyaga gerezani. Angeendaje? Mjane gani anaaga kwamba anakwenda kumtembelea marehemu?

Miaka ilipita hivyo. Mchana mmoja Mwenyekiti alikuja mlangoni kwa Fundi.

"Mwaka huu hatupeleki sabuni tu gerezani," alisema. "Wajane wataimba. Wafungwa waone kwamba hata aliyefiwa anamshukuru Mungu. Na wewe ndiye mwenye sauti."

"Koo linaniuma, mama."

"Koo gani? Nimekusikia sasa hivi ukimgombeza mtoto, barabara nzima imesikia."

Fundi alipiga moyo konde. Gereza hilo silo alimofungwa Dereva, alijiambia. La Dereva liko mbali. Hakujua kwamba mumewe alikuwa amehamishwa. Nani angemwambia, na yeye mwenyewe alihama bila kuacha habari?

Ndani ya ukumbi wa gereza, wafungwa walikaa sakafuni kwa mistari. Fundi aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Kwenye ubeti wa pili alimwona. Alikuwa karibu na ukuta, amekonda, kichwa kimenyolewa, lakini ndiye. Sauti ikamkatika. Mwenyekiti alidhani ni uchungu wa kufiwa. Akaja, akamshika bega.

"Ndugu zangu, mwoneni dada huyu," alisema kwa sauti kuu. "Mumewe alikufa akamwachia mtoto mchanga. Anamlea peke yake, kwa cherehani. Na bado anaimba! Nani kati yenu ana neno la kumfariji?"

Kisha Dereva akainua mkono. Sasa ataniumbua mbele za watu, alifikiri.

Dereva alisimama. Alikitazama kile kitambaa cheusi kwa muda.

"Pole, mama," alisema. "Mungu amlaze marehemu mahali pema. Na mtoto? Mtoto hajambo?"

"Hajambo," alinong'ona Fundi.

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Basi. Asante." Akaketi, akainamisha kichwa.

Wafungwa waliitikia amina. Akina mama walifuta machozi, maana walikuwa wamepata jambo zuri la kusimulia. Katika ukumbi mzima, wawili tu walijua kwamba mtu alikuwa ametoa rambirambi kwa kifo chake mwenyewe.

Nje ya ukumbi Fundi aliketi chini, akajifunika uso. Bwana Ustawi, mfanyakazi wa gereza anayeshughulikia wafungwa na familia zao, alimwingiza ofisini na kumpa maji. Mwenyekiti akafuata. Hapo Fundi alilia, akasema yote.

"Umetula!" alifoka Mwenyekiti. "Miaka yote hii! Umemdanganya hata Mungu!"

"Nilianza kwa kusema kweli, mama. Kweli haikunipa hata kipande cha sabuni."

"Mama Mwenyekiti, keti kwanza," alisema Bwana Ustawi. "Mtu akija kwenu, mnamwuliza nini?"

"Kama ni mjane."

"Basi mnajibiwa mnachouliza. Ulizeni nyumbani kwake kumepungua nini. Mtoto wa mfungwa analala na njaa ileile ya yatima. Tena yatima huhurumiwa. Huyu huchekwa."

Mwenyekiti aliketi. Hakuwa amezoea kufundishwa.

"Na dereva huyu," aliendelea Bwana Ustawi, "tangu aletwe hapa hajatembelewa na mtu. Mfungwa asiye na mtu akitoka, husimama nje ya lango na mfuko wake. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, hana pa kwenda. Wengi wao nawapokea tena humu. Nyinyi mnakuja kuwaimbia wakiwa ndani. Siku ya kutoka, nani wenu yuko langoni?"

Akamgeukia Fundi.

"Dada, mtoto anajua?"

"Anajua baba yake amekufa."

"Mwambie kweli, kwa maneno machache. Baba alifanya kosa kubwa. Yuko gerezani. Anakupenda. Wewe huna kosa lolote. Usimpambe baba, wala usimtukane. Akikuuliza, mjibu. Kisha mlete amwone. Watoto wanaruhusiwa, na mimi nitawapangia siku."

"Atanichukia."

"Huenda atakasirika. Ana haki yake."

Fundi alimwambia Chiriku siku iliyofuata. Mtoto hakulia. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namwombea apumzike kwa amani, na yeye yuko macho."

Walikwenda kumwona. Chiriku alimpima baba yake kwa macho, akaona hafikii mlango. Hata hivyo alimpa mkono, na Dereva aliushika mpaka muda ukaisha. Fundi alimwomba mumewe msamaha kwa kumzika akiwa hai.

"Mimi niliua mtu nikiwa nimelewa," alisema Dereva. "Wewe uliniua ukiwa na njaa. Nitakulaumuje?"

Chama nacho kilibadilika, ingawa si kwa amani. Baadhi ya akina mama walijitoa, wakisema sadaka si ya wake za wahalifu. Mwenyekiti aliwaacha waende. Sasa mtu akija, huulizwa anahitaji nini. Familia za wafungwa hupewa sawa na wajane. Mfungwa akitoka, watu wa kanisa humpokea langoni, humpeleka kwenye chumba walichompangia na kumtafutia kazi. Wengi waliopokelewa hivyo hawajarudi gerezani.

Hatimaye habari ya Dereva ikaja. Fundi aliacha cherehani, akamwita binti yake.

"Chiriku! Baba anatoka wiki ijayo!"

Chiriku alimtazama. Alivaa viatu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwenyekiti.

"Bibi, mama anasema baba anatoka. Eti ni kweli?"

"Kweli, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nitakuwa langoni."

Hapo ndipo mtoto aliporukaruka. Alikimbia mpaka nyumbani, akipiga kelele njia nzima. "Mama! Mama! Baba anatoka!"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alimpokea mtoto mikononi.

"Kumbe!" alisema, kama mtu anayeisikia habari kwa mara ya kwanza.