Ukurasa wa Mwisho wa Salome wa Mbizi

"Feli, usibonyeze! Nakuomba mwanangu, usibonyeze!"

Nikabonyeza.

Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena, huku namkazia Isdori macho ili aone kwamba ninayo hakika.

Sekunde tatu tu... Salome wa Mbizi akafutika duniani.

Msinitukane bado, wadau. Nisikilizeni kwanza. Mwishoni mtanitukana vizuri zaidi.

Naitwa Felisian, mtoto wa kijiji cha Mwimbi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ushairi nimejifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku napalilia ulezi. Isdori ni mshikaji niliyekutana naye hapa Sumbawanga. Yeye anachora. Ukimpa kalamu ya risasi na karatasi, anakutolea mtu anayepumua.

Salome wa Mbizi ilikuwa katuni yetu. Binti wa Kifipa anayeshindana mbio na upepo wa milima ya Mbizi. Picha za Isdori, maneno yangu. Yote, kwa vina!

Wakati huo kulikuwa na huduma ya kusomea vitabu vya katuni kwenye mashine za gemu. Unapakua kitabu, unasoma kwa padi ya kuchezea gemu, picha moja baada ya nyingine. Isdori akatuma kazi yetu huko... ikapokelewa!

Mashine ya kuifungulia tuliijua moja tu mjini, ya braza Clemens, kwenye banda lake la gemu karibu na stendi. Siku ya kwanza nikalipia nusu saa. Jalada likafunguka.

SALOME WA MBIZI. ISDORI.

Basi. Hakuna kingine.

"Oya, jina langu liko wapi?"

Isdori akacheka. "Soma mpaka mwisho, Feli."

Kile kicheko ndicho kilichoniua. Nilijua ananikejeli. Ningeweza kumuuliza mara ya pili, lakini mimi siombi. Haki yangu niiombe?

Nikampigia mama simu usiku uleule. "Sirudi Mwimbi mpaka jina langu litoke hadharani."

"Baba, njoo hata Krismasi."

"Sirudi, mama."

Miaka miwili nikashinda na hilo donge. Kila Jumamosi nalipia nusu saa yangu. Nafungua katuni, nafika ukurasa wa tisa, pale Salome anapoukabili upepo... hapo nasimama, nawasomea vijana wote bandani kwa sauti:

Upepo wa Mbizi vuma, ung'oe hata mapaa,
Mimi sitarudi nyuma, ni wa Ufipa shujaa!

"Rudia, mshairi!"

Narudia.

"Tena!"

Narudia tena, mpaka nasikia mkono wa Clemens begani. "Muda umeisha, mzee baba. Toa padi."

Kila Jumamosi hivyohivyo.

Halafu mwaka huu ikaja habari: ile huduma imefutwa. Hakuna kununua tena, hakuna kupakua tena. Kilichomo ndani ya mashine kitabaki humo, kikifutwa ndiyo basi, na nakala ya Salome tuliyoijua ilikuwa ile moja tu ya Clemens. Na karatasi zenyewe za Isdori zilishaharibika masika, paa la chumba chake lilivuja zikawa uji.

Akaja bandani mbio, na simu nzuri ya kuazima.

"Kaka, kuna mchapaji Mbeya anataka kuiona yote. Wewe fungua kurasa, mimi nazipiga picha moja moja. Tukimaliza leo, tumeokoka!"

"Atachapa kwa jina la nani?"

"Feli, acha utoto. We soma mpa..."

"Mpaka mwisho, eeh? Mwisho wake ndio huu!"

Clemens alikuwa nje anaongea na simu. Yaliyofuata mnayajua.

Nilitegemea ngumi. Nilishajipanga kabisa. Lakini Isdori alirudisha simu mfukoni polepole, akanitazama kama mtu anayeangalia mgonjwa.

"Kumbe hujawahi kufika..." akasema.

Akatoka. Wiki iliyofuata nikasikia yuko bandari ya Kasanga, Ziwa Tanganyika, anabeba mizigo ya kwenda Kongo. Mikono ile... inabeba magunia.

Mimi nikajiona mshindi!

Mwezi wa sita mama akaanguka, akavunjika mkono, na ulezi uko shambani unasubiri kuvunwa. Kiapo kikaishia hapo. Nikapanda gari kwenda Mwimbi.

Nikaingia ndani. Ukutani, pembeni ya picha ya Bikira Maria, kuna fremu nisiyowahi kuiona. Ndani yake karatasi ya rangi. Salome amesimama kileleni, upepo umelala miguuni kwake kama mbwa aliyechoka.

Chini yake, mwandiko wa Isdori:

"Maneno yote ni ya Felisian wa Mwimbi, mwana wa Fortunata. Mimi nimechora tu nilichokisikia kwake."

Nikausoma mara mbili, wadau.

"Mama... hii imetoka wapi?"

"Si Isdori alinipigia chapa akaniletea, Pasaka ya mwaka juzi? Alichuchumaa pale mlangoni akanipigia makofi ya salamu kama mwanangu wa kumzaa. Akasema ameliweka jina lako mwisho kwa makusudi, maana mtu akifunga kitabu, jina la mwisho ndilo anaondoka nalo."

"Mbona hukuniambia?"

Mama akanishangaa.

"Nikuambie nini, baba? Si kitabu chako? Nilijua umekisoma."

Kurasa arobaini na moja zimekufa kwa kidole changu. Duniani kote umebaki mmoja, na ndio huo wenye jina langu. Nilitaka jina, nimelipata. Nalitazama kila asubuhi nikienda shambani, na kila asubuhi natamani ungebaki ukurasa mwingine wowote.

Mnataka somo? Unayemtuhumu, muulize mara ya pili. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya kuuliza, nikaitumia kusikiliza sauti yangu mwenyewe.

Namba ya Isdori haipatikani. Kama upo bandarini Kasanga unasoma hapa, mtafute kijana mwembamba mwenye wino kwenye kucha.

Usiniombee msamaha kwake, nitakuja mwenyewe. Mwambie tu Feli amesoma mpaka mwisho.