Besi Iliyonuka Papa

Kila siku akitoka chuoni kusoma Kurani, Biasha alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuteka maji kisimani. Ya pili, kumfukuza kuku wa bibi yake juu ya kitanda cha wageni, maana kuku yule alijiona mgeni. Na ya tatu, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kumpangusa vumbi bwana mkubwa aliyesimama pembeni mwa ukumbi.

Bwana mkubwa huyo hakuwa mtu. Ilikuwa besi, ala ya muziki yenye umbo la fidla, lakini fidla iliyokula ikashiba ikaendelea kula. Ilimshinda ami yake Biasha, Makame, kwa urefu. Ilikuwa na nyuzi nne nene, na tumboni matundu mawili membamba ya kutolea sauti. Chama cha taarabu cha pale Msambweni kiliinunua Mombasa mwaka ule wa hamsini na sita, kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Ikaletwa juu ya basi, imefunikwa shuka jeupe. Watu wa Ukunda walipoiona ikipita walidhani ni jeneza, wakasimama kumwombea maiti.

Ami Makame ndiye aliyeipiga, kwa hiyo ilikaa nyumbani kwao. Na ami alikuwa amempa Biasha ahadi.

"Ukiitunza vizuri mpaka harusi ya kule Jego, nitakufundisha kuipiga," alimwambia.

"Mimi, ami? Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili?"

"Kwani besi imekuuliza miaka? Kitambaa kikavu kila siku, basi. Usipake kitu."

Biasha akaishika ahadi ile kama anayeshika yai.

Harusi ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ya kabla yake, wanachama walikaa barazani baada ya sala, kahawa mkononi, wakiitazama besi yao. Ilikuwa imefifia. Ubao ulikuwa na mikwaruzo, na mahali pa kuegemea mkono palikuwa na weusi wa jasho la miaka.

"Watu wa Jego wataona tumebeba mlango wa choo," alisema Boga, mpiga fidla. "Paka mafuta ya nazi, Makame. Mke wangu anapaka nywele, unaziona zinavyong'ara."

"Hatuzioni nywele za mkeo, anajifunika," alimjibu Chirau, mpiga ngoma, na watu wakacheka. "Dawa ni rangi ya viatu. Ile ya kahawia."

"Ikishika kanzu ya bwana harusi utaifua wewe?" Boga akamuuliza.

Fondo, binamu yake Biasha, akachomeka lake kutoka mlangoni. "Ipakeni samli, tukikosa wali tutailamba!"

Fondo alikuwa na miaka kumi na mitatu na jina lake lilijulikana mtaa mzima. Ndiye aliyewahi kumfungia mwalimu kaa ndani ya kofia. Wanachama wakamfukuza kwa viatu.

"Hapakwi kitu," ami Makame alikata shauri. "Fundi Rai, seremala, yuko Mwabungo anamaliza vitanda vya watu. Akirudi Jumatatu atatuambia polishi ipi inafaa. Mimi kesho naenda Mombasa kutafuta nyuzi za akiba."

Biasha alisikia yote hayo akiwa nyuma ya pazia, anapepeta mchele. Jumatatu! Na asipoweza kurudi je, huyo fundi? Akawaza. Nazi, rangi ya viatu, samli. Kumbe watu wazima hawajui kitu. Mbao za kwao zilitunzwa kwa dawa moja tu. Ngalawa ya marehemu babu yake ilikuwa imekaa baharini miaka thelathini bila kuoza, na siri yake ilikuwa mafuta ya papa. Kila mwezi ilivutwa juu, ikasuguliwa, ikapakwa, ikarudi majini inang'ara. Ubao ni ubao. Kama mafuta yale yanaizuia bahari, yatashindwa na vumbi la ukumbini?

Jumamosi, ami alipopanda basi la Mombasa na bibi alipokwenda msibani, Biasha alivuta kopo la mafuta yale kutoka uani. Akachovya kitambaa, akapaka. Akapaka mbele, nyuma, shingoni. Akapaka hata nyuzi, zisije zikaona wivu. Karibu na matundu mkono ukateleza, na funda zima la mafuta likaingia tumboni mwa besi. Akasema, "Haidhuru, na ndani pia ni ubao."

Ikang'ara! Wallahi iling'ara mpaka Biasha akajiona uso ndani yake, akajichekea.

Kilichokuja mwanzo si harufu, ni paka. Alikuja wa jirani, akakaa mlangoni kwa adabu. Wakaja wawili wa sokoni. Kufika adhuhuri, joto lilipopanda, palikuwa na paka saba ukumbini, na mmoja, dume lenye sikio moja, alikuwa amesimama kwa miguu miwili akiilamba besi kiunoni. Ndipo Biasha alipovuta pumzi vizuri. Nyumba nzima ilinuka kama papa aliyesahauliwa kwenye gunia.

Akafukuza paka. Akafuta kwa leso, leso ikanata. Akavuta uzi mmoja kwa kidole. Badala ya ile sauti nene iliyokuwa ikimtetemesha kifua, ukatoka mlio kama mtu anayepiga godoro.

Jumapili jioni ami Makame alirudi. Hata hajavua viatu, alisimama katikati ya ukumbi, pua juu.

"Nani amekaanga papa humu?" Kisha akaiona. Akagusa ubao, akanusa kidole, akavuta uzi. Akakaa chini. "Siku nne kabla ya harusi. Fondo! Mwiteni Fondo!"

Fondo aliletwa, mdomo umejaa muhogo.

"Si mimi, ami."

"Na kaa wa mwalimu?"

"Kaa ni mimi. Hii si mimi."

"Ijumaa ulisema samli, Jumapili nakuta papa! Basi Jego huendi. Tari lako atapiga mwingine."

Fondo akaacha kutafuna. Alikuwa amejifunza tari lile, kigoma cha mkononi, mwaka mzima, akipiga sufuria, meza na migongo ya watu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hana kosa, na hakuna aliyemwamini. Akatoka.

Biasha alisimama nyuma ya pazia lake. Akisema, masomo ya besi yamekwisha kabla hayajaanza. Asiposema, hakuna atakayejua. Hata paka hawana ulimi wa kusema. Alimwona Fondo kupitia dirishani, amekaa juu ya jiwe, vidole vinapiga gotini mdundo wa tari, polepole, kisha vikaacha.

Vile vidole vilivyoacha ndivyo vilivyomtoa nyuma ya pazia.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Si tumekwisha amkiana?"

"Ni mimi." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi wa fidla. "Ni mimi niliyepaka. Nilichukua mafuta ya ngalawa. Fondo hakuwapo kabisa. Nilitaka ing'are."

Ami alimgeukia. "Na nilikwambia nini?"

"Kitambaa kikavu, usipake kitu."

"Nenda kamwite Fondo. Umwambie wewe mwenyewe, si mimi."

Alikwenda. Fondo alimsikiliza, akameza muhogo uliobaki, akasema, "Papa! Mimi nina akili zote hizi na sikuwahi kuwaza papa!" Na hapo Biasha, machozi yanamtoka, akajikuta anacheka.

Fundi Rai alifika Jumatatu asubuhi, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni. Aliizunguka besi kama daktari anayemzunguka mgonjwa.

"Ngalawa haina vanishi, mjukuu wangu," alimwambia Biasha. "Ubao wake uko uchi, unakunywa mafuta. Huyu amekwisha kuvishwa vanishi. Mafuta yamekosa pa kuingia, yamebaki juu yananata na kuoza. Tutayatoa. Lete unga wa muhogo."

Wakanyunyiza unga kila penye mafuta, wakaacha uyanywe, wakaupangusa. Wakarudia mara tatu. Kisha wakapitisha kitambaa kilichochovywa kwenye povu la sabuni na kukamuliwa mpaka kikakaribia kukauka, na kingine kikavu nyuma yake, mbio, maji yasipate kukaa. Fondo naye alisugua, akiimba kwa kumwigiza ami. Nyuzi zilifutwa mmoja mmoja. Mbili zilipona; mbili zilikuwa zimelewa mafuta kabisa, zikabadilishwa na zile za Mombasa.

Baadaye fundi alipanga makopo matatu chini. "Hili ni vanishi mpya. Hili ni polishi ya makabati. Hili ni nta ya nyuki niliyoyeyusha na tapentaini kidogo. Chagua."

Biasha akarudi nyuma. "Mimi? Mimi tena?"

"Safari hii utachagua kwa kuuliza. Na si kuniuliza mimi, muulize ubao wenyewe."

Akamwonyesha upande wa chini kabisa, karibu na mguu wa besi, mahali jicho la mtu halifiki. Biasha akapaka alama tatu ndogo, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho, wakangoja mpaka alasiri. Akarudi, akapiga magoti, akagusa, akanusa, akatazama.

"Vanishi imeacha ukingo kama kovu," alisema polepole. "Na tukiongeza tabaka juu ya tabaka, si sauti itazibwa?"

"Endelea."

"Ya makabati inang'ara sana, lakini bado inanata. Mkono wa ami utashikwa. Hii ya nta imekauka. Haing'ari sana, ila... ila ubao unaonekana."

Fundi Rai akamtazama Makame, akainua nyusi. Nta ndiyo iliyopakwa, kidogo kama punje ya mtama kwa kila kiganja cha ubao, bila kugusa nyuzi, ikasuguliwa kwa kitambaa laini mpaka besi ikapata rangi ya chai ya rangi.

Ikabaki harufu ya tumboni, ambako hakuna mkono unaofika. Hapo ndipo bibi yake Biasha, bibi Tumu, alipoinuka.

"Nguo za harusi mnazifukiza udi, na huyu anakwenda harusini," alisema. "Leteni chetezo."

Wakailaza besi juu ya kitanda cha wageni, kuku akafukuzwa, bibi akashika chetezo mbali kidogo moto usiudhuru ubao, akaupepea moshi uingie matunduni. Akafanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu paka mwenye sikio moja alikuja, akanusa, akapiga chafya, akaenda zake.

Alhamisi alasiri, uani kwa bibi harusi kule Jego, wanawake walikuwa wakigeuka huku na huku wakiulizana ni nani aliyejifukiza udi mzuri vile. Fondo alikuwa na tari lake mapajani, anameremeta kuliko bwana harusi. Biasha alisimama kando na kitambaa chake kikavu, hathubutu kuuliza lile la masomo.

Ami Makame akamwita.

"Nilikasirika, na bado kidogo nimekasirika," alisema. "Sikiliza. Uliipenda besi, lakini kukipenda kitu hakukufanyi ukijue. Mwenye kukijua yupo, muulize kwanza. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mafuta yale ukiyawahi hutoka kwa unga na kitambaa. Ungekaa kimya wiki moja, tusingeyatoa tena, na binamu yako angebaki na doa lisilo lake. Ulisema kosa lako huku ukijua utapoteza ulichokuwa unakitaka. Mtu wa namna hiyo naweza kumwachia besi yangu."

"Ina maana..."

"Ina maana kabla hatujaanza lazima mtu ahakikishe nyuzi zimekaa sawa. Uzi ule mnene. Kidole kimoja, usiogope."

Biasha alifuta mkono kwenye leso, akaweka kidole, akavuta.

Sauti ikatoka nene, nzito, ikapita miguuni mwake ikapanda mpaka kifuani. Boga aliinua fidla yake. Fondo akaingia na tari, na harusi ikaanza.