Makala Ambayo Hakuna Aliyeisoma

Kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha la maktaba, ndiyo pekee iliyobaki na kibodi nzima, na msimu ule wa kuandika tasnifu kila mtu alikuwa anaiwinda. Msichana waliyemwita Mkunga, kwa kuwa alisomea ukunga, aliona imeachwa, akakata mbio katikati ya meza, gauni lake la njano likipepea, viatu vyeupe vya wodini vikilia sakafuni. Akajitupa kitini. Akakalia mkono wa mtu.

"Samahani dada, huo mkono bado nautumia."

Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likapigika, miwani imemshuka hadi katikati ya pua. Alisomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, akifanya mazoezi ya kazi palepale kaunta. Wasichana walimwita Miwani, tena walimwita kwa sauti ya kujipendekeza.

"Kaka, usinitoe hapa," Mkunga akasema. "Nikifukuzwa chuo, utakuwa na sehemu yako."

Hakuwa anatania. Muhula uliopita wenzake wawili walifukuzwa. Waliiomba programu ya simu iwatafutie marejeo, ikawatungia vitabu visivyokuwapo duniani, nao wakaviorodhesha hivyohivyo. Tangu hapo Mkunga alikuwa anaota orodha ya marejeo kama wengine wanavyoota nyoka.

Miwani akavuta stuli. "Unatafuta nini?"

"Kwa nini akina mama wengine wanaovuja damu baada ya kujifungua nyumbani wanachelewa kufika hospitali. Nimeuliza mtandaoni, nimeletewa mtu anauza chai ya kupunguza tumbo."

"Huko kila mwenye mdomo anapiga kelele. Njoo huku." Akafungua hazina ya majarida ambayo maktaba ililipia, akamwonyesha namna ya kulivunja swali kuwa maneno machache, kisha kutazama nani ameandika, lini, na kama wataalamu wengine waliipitia kazi hiyo kabla haijachapishwa. "Halafu unaifungua na kuisoma yote. Muhtasari peke yake utakudanganya."

"Mbona unafundisha kama unatongoza?"

"Siwezi kufanya yote mawili?"

"Anza na moja. Mimi nimejaa hofu, sina nafasi."

Nafasi ikapatikana. Simu zikaanza, na mwenzake Mkunga wa chumbani bwenini, msichana waliyemwita Redio kwa sababu zinazoeleweka, akawa anazisikiliza zote.

"Umekula, mpenzi?" Miwani angeuliza.

"Nimekula."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Umenikumbuka?"

"Hilo bado linafanyiwa utafiti."

"Jamani!" Redio akapiga kelele kutoka kitandani. "Hawa watazaa tanbihi!"

Sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa inayumba. Ilihitaji ushahidi kwamba wengi wa akina mama wale huchelewa wakisubiri ruhusa ya mtu nyumbani. Kila mtu alilisema jambo hilo, ila Mkunga hakupata pa kulishika. Hofu ikamnyima usingizi, akapungua hadi gauni la njano likamning'inia. Miwani akapekua tasnifu za zamani, akakuta makala moja inatajwa kila mahali kuhusu jambo hilohilo. Akamtumia jina la mwandishi, jarida, toleo, ukurasa, kila kitu.

"Umeiona yenyewe?" Mkunga akauliza.

"Nimeiona. Pumzika sasa."

Alichokuwa ameona ni jina la makala tu. Lakini sauti ya mpenzi wake ilikuwa inatetemeka, naye alitaka itulie.

Tasnifu ilipokwisha kukabidhiwa, msimamizi wa Mkunga, mama wa maneno machache, alipiga simu asubuhi Mkunga akiwa wodini.

"Mtahini wa nje ameitafuta makala yako ya sura ya tatu. Jarida lipo, toleo lipo. Kwenye ukurasa huo pana makala ya kung'oa meno. Jumatatu, mbele ya jopo, uje na nakala."

Mkunga akashika ukuta. Mawazoni akawaona wale wenzake wawili wakitoka getini na masanduku yao. Akamwona mama yake, ambaye tayari alishawatangazia mahafali ndugu wote, hadi jirani aliyegombana naye.

Akampigia Miwani. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Redio akamkuta bwenini amekaa sakafuni. "Shoga, nimekuja mbio. Nimemwona Miwani anatoka ofisini kwa msimamizi wako. Kichwa chini, kama aliyefiwa."

"Kwa msimamizi wangu? Kufanya nini?"

"Sijui. Lakini mtu haendi kule kusalimia."

Mkunga akaunganisha mambo kwa haraka ya mtu anayezama: amenipa kitu cha uongo, amesikia kimegundulika, ameenda kujiosha. Akamwandikia ujumbe mmoja: *Umejiokoa. Usinitafute tena.*

Ujumbe haukufika. Hilo ndilo lililomnyanyua. Akaenda maktaba kumtukana uso kwa uso, na kaunta wakamwelekeza chini, kwenye ghala la tasnifu, ambako simu hazishiki mtandao.

Alikuwa amepiga magoti kati ya majalada, shati lile limejaa vumbi.

"Ulimwambia nini msimamizi wangu?"

"Mtahini aliiulizia makala kaunta kwetu, ndipo nikaenda kumwambia msimamizi wako kosa ni langu. Akanijibu jina lililo juu ya jalada ni lako, halafu akanipa ufunguo wa ghala nitafute ilikoanzia." Akavua miwani. "Nilikudanganya. Sikuiona."

"Iko wapi sasa?"

"Haipo." Akamfungulia jalada moja baada ya jingine. "Huyu kanakili kwa huyu. Huyu kwa yule. Wa kwanza kabisa hakusema alikoitoa. Wote wameitaja, hakuna aliyeifungua."

"Na wewe ukawa kama wao."

"Nami pia."

Alitaka kumpiga. Badala yake akakaa kwenye vumbi karibu naye. "Watanifukuza. Nitamwambia nini mama?"

"Nimepata utafiti mwingine, wa kweli. Usiniamini. Usome mwenyewe."

Mkunga akausoma ukurasa kwa ukurasa. Ulisema kinyume: kikwazo kikubwa kilikuwa kukosa usafiri. Ruhusa ilikuja mbali sana nyuma. Sura yake ya tatu ilikuwa imeanguka yote.

Jumatatu Mkunga akaingia ukumbini. Jopo lilikuwa nyuma ya meza ndefu, mtahini wa nje ana kalamu mkononi.

"Nakala iko wapi?"

"Sina," Mkunga akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Makala haipo. Niliitaja bila kuisoma. Nimefuatilia ilikotoka, na nimepata utafiti unaonipinga. Huu hapa."

Wakamtoa nje. Kwenye benchi la korido Miwani alikuwa anamsubiri. Kila kiti kilipokwaruza ndani, Mkunga alishtuka, na mkono wake ukaingia ndani ya mkono wa Miwani bila kuomba ruhusa.

Msimamizi ndiye aliyefungua mlango. "Hufukuzwi. Sura ya tatu utaiandika upya, utajitetea tena. Mahafali ya mwaka huu hutakuwamo."

Mlango ukafungwa. Mkunga akapumua, kisha akatoa simu, akaitazama, akaanza kulia. "Jopo nimeliweza. Mama simuwezi."

"Nipe mimi."

"Una wazimu?"

Lakini Miwani alishaichukua na kupiga, na mama alishapokea. "Mwanangu! Nimekwisha kumwambia na shangazi yako—"

"Shikamoo mama," Miwani akasema.

"Marahaba. Nani wewe na simu ya mwanangu?"

"Mahafali yamesogea hadi mwakani, mama. Yeye amesema kweli mbele ya wakubwa. Mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa kumdanganya. Nampenda. Nataka kumwoa, akinikubali."

Mkunga akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hayo hayasemwi kwenye simu," mama akasema. "Njoo nyumbani kwa miguu yako. Na yeye aje, nimwone mwenyewe anavyokutazama."

Simu ikakatika. Wakatazamana, wote wawili wamepauka.

"Basi twende," Mkunga akasema, "kabla sijaogopa tena."