Sahani ya Shemeji Ilirudi Imejaa

Nina miaka ishirini na minne. Nawaandikia nikiwa kwa wazazi wangu Endagikot, Mbulu, nikiwa sina meno mawili ya mbele. Kisa? Chakula!

Niliolewa Gendabi, Hanang, kwa mkulima niliyempenda kwelikweli. Tuliishi vizuri mpaka mdogo wake aliporudi kutoka Katesh, ambako alibeba mizigo sokoni na jioni kunyanyua vyuma ili atanue kifua. Nilimpokea kwa ugali, maharage na maziwa ya mgando. Akamega tonge moja, akasukuma sahani.

"Nimeshiba, shemeji."

Kesho yake vilevile. Na siku zilizofuata...

Kwetu, mtu wa nyumbani akikataa chakula chako kila siku, watu hawaelewi kwamba ameshiba. Wanaelewa kwamba umeweka sumu! Mama mkwe akaanza kunisengenya kwa majirani. Nikimwamkia shikamoo, anageuza uso.

Siku moja mume wangu aliibeba ile sahani, akanikamata nywele, akanishindilia ugali mdomoni. "Kula! Umemwekea nini ndugu yangu?" Nilikula huku nalia, lakini hakuridhika. Fimbo ya kuchungia ng'ombe ilivunjikia mgongoni mwangu! Kisha zikaja ngumi. Nilitema meno yangu pamoja na damu.

Na shemeji? Alisimama mlangoni akitazama. Hakufumbua mdomo!

Wasomaji wenzangu, yeye alijua! Baadaye, tulipokuwa tunavuna mahindi, alianguka shambani, macho yamegeuka. Walipomvua koti, mifukoni vikamwagika vipande vya lishe, zile karanga na chokoleti zilizobanwa pamoja, ambazo wenzake wa mazoezi huziita protini. Asubuhi kipande, mchana kipande, jioni kipande... chakula cha kweli hakuna! Tumbo lilikuwa limefunga na nguvu zimemwishia.

Alipozinduka akasema aliona aibu kula peke yake katika nyumba yenye watu, ndiyo maana alijificha. Aibu! Mimi nivunjwe meno ili yeye asione aibu?

Nilifunga nguo zangu siku hiyohiyo.

Juzi mume wangu alikuja na mjomba wake kuomba msamaha. Alipiga magoti, akalia. Moyo wangu ulilainika, jamani, maana bado nilimpenda. Nikaingia jikoni, nikapika mwenyewe, nikamnawisha mikono. Akamega tonge... mkono ukasimama. Alinitazama, akamtazama mjomba wake, akasubiri mjomba ale kwanza.

Niliiondoa ile sahani mbele yake. Nikamwambia arudi kwao, na mimi sitamfuata.

Vijana, kama mnakula hivyo vipande, semeni wazi, na bado mle chakula cha nyumbani. Na ninyi waume, nawaomba kwa machozi, mbaneni kwanza aliyekataa kula, kabla hamjamgusa aliyepika!